Bia ikitoka kifuani, nauli ya timu italipwa na nani?

MWADIME: Karibu tena, msikilizaji. Niko na Dada Zuhura, na leo tunazungumza jezi. Hasa kile kinachoandikwa kifuani.

ZUHURA: Asante, kaka. Mtoto wa dada yangu ana miaka tisa. Jina la bia alilisoma kwenye jezi kabla hajaweza kusoma hadithi nzima ya darasani. Bia yenyewe haijui, lakini akiona nembo ile anapiga kelele za bao. Mimi jambo hili linaniumiza.

MWADIME: Kwa hiyo sera ya Kenya ya Julai 2025 kuhusu pombe uliipokea kwa mikono miwili.

ZUHURA: Kabisa. Kelele zote zilikuwa juu ya umri wa kunywa, kutoka miaka 18 hadi 21. Mle mle mlikuwa na pendekezo la kuwazuia watu maarufu kutangaza pombe, ila halikuzungumzwa vya kutosha. NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ikafafanua kwamba ni sera, bado si sheria.

MWADIME: Sasa jina la bia likizuiwa michezoni, klabu ya soka ya Tusker tutaiitaje? Mabingwa wa Kenya mara 13, na klabu ni ya kampuni ya bia tangu enzi za jina la Kenya Breweries.

ZUHURA: Uturuki walifika hapo. Mwaka 2011 kanuni zilibana, timu ya kikapu ya Efes Pilsen ikageuka Anadolu Efes. Ikaja kutwaa Euroleague, ligi ya klabu bora za kikapu Ulaya, 2021 na 2022.

MWADIME: Efes si bado ni bia?

ZUHURA: Bado. Na Ufaransa, kwa sheria yao ya 1991 inayobana matangazo ya pombe, Heineken Cup ya raga iliitwa H Cup. Herufi moja tu, na shabiki anajua. Sheria ikiandikwa kwa ulegevu, kampuni inapita dirishani.

MWADIME: Mimi wasiwasi wangu ni mwingine, dada. Nimefundisha vijana. Mdhamini wetu alipoondoka katikati ya msimu, mechi mbili za ugenini hatukwenda, hatukuwa na nauli. Wawili kati ya wale vijana waliacha mpira moja kwa moja. Tena tazama ligi kuu: 2012 ilichukua jina la Tusker, 2015 ikachukua la SportPesa, kampuni ya kamari. Tulitoka kwenye bia tukaingia kwenye kamari! Kodi ya kamari ikapanda hadi asilimia 35 Januari 2018, SportPesa ikakata udhamini. Ikarudi, kisha 2019 ikaondoka tena, klabu zikabaki zikihangaika na mishahara.

ZUHURA: Hapo nakuunga mkono. Marufuku bila pesa mbadala ni kumkabidhi mtoto kwa mchezesha kamari. Jimbo la Victoria, Australia, mwaka 1987 walitoza ushuru kwenye tumbaku, wakaunda VicHealth, na fedha zile zikachukua nafasi ya udhamini wa sigara viwanjani.

MWADIME: Nasi tuna Mfuko wa Michezo.

ZUHURA: Unaotegemea kodi za kamari! Iongezwe sehemu ya ushuru wa bia, ambao tayari unakusanywa, na itajwe kwenye sheria kwamba ni ya klabu za chini pia.

MWADIME: Na fedha hizo zianze kutoka siku ileile marufuku inapoanza. Wakituambia tusubiri bajeti ijayo, timu kama ile yangu haifiki.