Godoro la Tanga, hewa ya Dodoma

Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi mliobanana kule mlangoni, hamjambo? Nimeombwa niseme juu ya ushauri ambao kila mwenye pumu hapa Tanga keshapewa, kama si na daktari basi na shemeji yake: "Hama pwani, nenda bara kwenye hewa kavu." Kazi yangu ya utabibu nimeifanya nusu hapa, nusu Dodoma. Kwa hiyo nimewaona watu wakiondoka, na nimewaona wakifika.

Nianze na godoro.

Dada mmoja alipakia vyombo vyake mwezi wa saba akahamia Dodoma. Kifua kilikuwa kimemchosha. Usiku anaketi kitandani, mgongo ukutani, anangoja kupambazuke. Mwezi wa tisa akaja kliniki, kifua kinalia filimbi vilevile, na hasira juu: "Mlisema hewa kavu!" Nikamuuliza analala wapi. Akalieleza godoro lake kwa fahari: la sufi, limeshonwa Ngamiani hapa Tanga, bibi yake alilipata siku ya harusi. Lilisafiri naye kwenye fuso, kamba tatu.

Sasa, ndani ya godoro la pwani mna utitiri wa vumbi. Si ule wa kuku. Huu haukuumi wala huuoni kwa macho. Urefu wake ni kama theluthi ya milimita. Unakula magamba ya ngozi tunayopukutisha tukilala. Maji hauyanywi, unafyonza unyevu wa hewa, na hewa ikikaa chini ya asilimia 50 ya unyevu kwa muda mrefu, unakauka na kufa. Hapa kwetu unyevu hupita asilimia 70 siku nyingi za mwaka, kwa hiyo utitiri tunaufuga. Lakini kinachochokoza kifua hasa ni kinyesi chake, na kinyesi hakifi. Utitiri ulipokuwa unakauka kule Dodoma, dada yule alikuwa akilalia akiba ya miaka.

Kwa hiyo ninachosema ni hiki: hewa kavu humwondoa adui anayeishi kwa unyevu tu. Kama anayekukaba ni utitiri, au ukungu unaoota ukutani baada ya masika, kuhama kunaweza kukupa nafuu. Kama ni mwingine, umelipa nauli bure.

Wamarekani walilipa nauli hiyo kabla yetu. Zamani, kabla ya dawa, wagonjwa wa kifua kikuu walipelekwa kwenye nchi kavu. Yule mcheza kamari mwenye bastola, Doc Holliday, alikuwa daktari wa meno wa Georgia. Aliambiwa ana kifua kikuu mwaka 1873, akaelekea magharibi. Alifia Colorado mwaka 1887, akiwa na miaka 36. Nadhani moshi na pombe za vilabu alimoshinda akicheza karata havikumsaidia. Reli ilipofika Tucson, kwenye jangwa la Arizona, mwaka 1880, wagonjwa wakamiminika, na wasio na fedha wakaishi kwenye mahema pembeni mwa mji. Daktari Mjerumani, Robert Koch, alikuja kumtaja kijidudu cha ugonjwa huo mwaka 1882, na dawa ya streptomaisini ilipatikana mwaka 1943. Leo mgonjwa wa kifua kikuu anahitaji vidonge vyake hadi amalize. Akihama katikati akakatisha dozi, amejidhuru.

Baada yao wakaja Tucson watu wa pumu na mafua ya mzio. Nao wakakumbuka kwao. Wakataka kivuli na majani mabichi, wakapanda miforsadi, mizeituni na nyasi za bustani. Miti ikakua, ikamwaga chavua, watu wakaanza kupiga chafya jangwani! Mwaka 1984 kaunti ya huko ilipiga marufuku kuuza miforsadi na mizeituni ya aina inayomwaga chavua hiyo. Na jangwa lenyewe lina yake: kuna kuvu inayoishi kwenye udongo mkavu, upepo ukitimua vumbi inavutwa mapafuni na kuleta homa.

Naona babu pale anashika goti. Maumivu ya viungo tunayaita baridi yabisi, na "yabisi" ni Kiarabu, maana yake kavu. Waliotuachia jina hilo huenda walilaumu baridi na ukavu, wakati Wazungu wanalaumu unyevunyevu. Babu, kabla hujauza shamba, jua kwamba haijathibitika kuwa kuhama kunatibu viungo.

Turudi Dodoma. Iko kama mita 1,100 juu ya bahari, na mvua yake kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni upepo. Vumbi jekundu linaingia hadi ndani ya sukari. Midomo inapasuka, watoto wanatokwa damu puani, na usiku wa Juni na Julai mtu wa pwani analala na soksi. Mwenye mtoto wa selimundu anisikilize vizuri: baridi na kupungukiwa maji mwilini vinaweza kuamsha maumivu yale makali. Usimhamishe kabla hujaongea na kliniki yake.

Anayetaka kwenda na aende kwanza kwa ndugu, wiki nne, mwezi wa nane upepo ukiwa mkali. Achukue dawa zake za kuvuta, asiziache Tanga kwa matumaini. Na godoro lake libaki.

Dada yule tulimtafutia godoro jipya na kifuniko kisichopitisha vumbi. Akaacha kufagia, akawa anapiga deki kwa kitambaa kibichi. Akaanza kulala usiku. Siku za upepo bado anakohoa, na dawa anavuta kila siku. Lile la sufi nilimwambia alichome. Mama yake akakataa katakata, likarudishwa Tanga juu ya basi. Sasa dada akija likizo, mama anamtandikia hilo hilo, maana mgeni halazwi mkekani.