Picha Inayobofyeka katika Saini ya Barua Pepe

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halihitaji mhadhara: namna ya kuweka picha mwishoni mwa barua pepe ili anayeipokea, akiibofya, apelekwe kwenye tovuti. Anayejua pa kubofya hulimaliza kwa dakika tano. Hata hivyo, nimeona saini nyingi zinazopendeza kwenye kompyuta ya mwenyewe lakini zikifika kwa wengine ni mraba mtupu, na mojawapo ilikuwa yangu.

Saini hiyo niliiandaa katika programu ya kuandikia, nikaweka nembo, nikaiunganisha na tovuti, nikaridhika nayo. Miezi ikapita. Siku moja mtu niliyekuwa nikiandikiana naye akaniuliza, kwa adabu nyingi, kile kisanduku chenye alama nyekundu ya mkasi, yaani X, chini ya jina langu kina maana gani. Nilipoufungua msimbo wa saini nikakuta kwamba anwani ya picha ilianza na herufi C na nukta mbili, yaani ilikuwa njia ya folda iliyomo ndani ya diski ya kompyuta yangu. Kompyuta yangu ilipoambiwa iitafute picha hapo, iliipata kila mara. Ya mwenzangu ilipoambiwa vivyo hivyo, ilitafuta ndani ya diski yake yenyewe ikakosa. Ilikuwa kana kwamba namwambia mtu achukue kitu kabatini kwangu, naye anafungua kabati la kwake.

Kosa hilo linatufikisha kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Picha inayobofyeka ni vitu viwili vilivyoshikanishwa, picha na kiungo, na kila kimoja kina anwani yake na kina namna yake ya kuharibika. Kiungo changu kilikuwa kizima muda wote. Kilichokufa ni picha, na kwa kuwa picha ndiyo iliyokuwa mahali pa kubofya, hakuna aliyejua kwamba kuna kiungo.

Inafaa pia kukumbuka kwamba picha ni mgeni katika barua pepe. Ray Tomlinson alipotuma ujumbe kutoka kompyuta moja ya mtandao hadi nyingine mwaka 1971, alituma maandishi matupu, na hata kanuni ya RFC 822 ya mwaka 1982, iliyoeleza umbo la barua, ilizungumzia maandishi tu. Ni mwaka 1992 ambapo Nathaniel Borenstein na Ned Freed walichapisha mpango wa MIME, unaoiwezesha barua moja kubeba sehemu kadhaa za aina tofauti. Kila programu ya barua imempokea mgeni huyo kwa desturi zake.

Picha inaweza kufika kwa msomaji kwa njia mbili zinazotumika sana. Ya kwanza ni kuifungasha ndani ya barua yenyewe, nayo saini ikaitaja kwa kitambulisho chake cha ndani. Uzuri wake ni kwamba picha haitegemei seva yoyote, yaani kompyuta ya mtandaoni inayohifadhi na kutoa faili. Ubaya wake ni uzito: ili ipite katika mfumo uliojengwa kwa ajili ya herufi, faili hugeuzwa kuwa herufi na kuongezeka kwa takriban theluthi moja, kiasi kwamba nembo ya kilobaiti 30 husafiri ikiwa na kilobaiti 40 hivi, na mzigo huo huenda na kila jibu, hata lile lisemalo «nimepata, ahsante». Zaidi ya hayo, baadhi ya programu huionyesha kama kiambatisho, na msomaji anayetafuta mkataba uliotumwa wiki iliyopita hujikuta akifungua nembo yako mara sita.

Njia ya pili ni kuiweka picha kwenye seva ya tovuti na kuandika katika saini anwani yake kamili, inayoanza na https. Barua hubaki nyepesi, na siku nembo ikibadilika unabadilisha faili moja tu. Lakini programu kadhaa, Outlook ikiwamo, kwa kawaida hazipakui picha za nje mpaka msomaji aruhusu, kwa sababu kule kupakua humjulisha mwenye seva kwamba barua imefunguliwa. Gmail yenyewe, tangu Desemba 2013, huzipitisha picha za namna hiyo kwenye seva za Google na kuzionyesha moja kwa moja. Binafsi napendelea njia hii ya pili kwa yeyote mwenye tovuti yake, kwa sharti kwamba picha iwe wazi kwa watu wote. Anayeichukua kutoka hifadhi ya mtandaoni iliyofungwa kwa ruhusa anarudia kosa langu la kabati, ila safari hii kabati liko mbali zaidi.

Utaratibu wenyewe hauna ugumu. Katika Gmail kwenye kompyuta, bofya alama ya gurudumu la meno, fungua mipangilio yote, na katika sehemu ya mipangilio ya jumla tafuta kisanduku cha saini. Ingiza picha kwa kitufe cha picha, kisha ibofye mara moja ili ichaguliwe, halafu bofya kitufe chenye alama ya mnyororo na uandike anwani ya tovuti. Wengi hukosea hapo katikati: wasipoichagua picha kwanza, programu huandika kiungo kipya cha maneno pembeni yake na picha hubaki bubu. Wengine husahau kuteremka hadi chini kabisa ya ukurasa na kuhifadhi mabadiliko. Katika Outlook ya Windows ya zamani (classic), mhariri wa saini hupatikana kupitia menyu ya faili, chaguo, kisha barua, na mpangilio ni uleule: picha kwanza, uteuzi, kisha kiungo.

Kwa wanaoandika kwa mkono msimbo wa HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, lebo ya kiungo ndiyo ya nje na lebo ya picha hukaa ndani yake, kama barua ndani ya bahasha. Andikeni upana na kimo kama sifa za lebo ya picha yenyewe, msiviache pekee katika mtindo wa CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa. Tangu toleo la 2007, Outlook hiyo ya zamani ya Windows ilianza kuchora barua kwa injini ya Word, ambayo haitii maagizo mengi ya CSS. Picha ya pikseli 300 uliyokusudia ionekane kwa 150, ili iwe kali kwenye skrini za kisasa, itajitanua kwa ukubwa wake wote. Tumieni faili za picha za aina ya PNG au JPEG, kwani aina ya SVG haionyeshwi na programu nyingi za barua. Na kama mna alama tatu za mitandao ya kijamii, wekeni picha tatu, kila moja na kiungo chake, kwa maana picha moja iliyogawanywa maeneo ya kubofya haiaminiki.

Naomba nikae kidogo kwenye maandishi mbadala, yaani sifa iitwayo alt, kwa sababu ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Picha ikizuiwa, maneno hayo ndiyo yanayobaki mahali pake, nayo hubofyeka. Kwa msomaji asiyeona, anayesomewa barua na programu, maneno hayo ndiyo jina la kiungo. Ukiandika «nembo», umemwambia kwamba kuna nembo, jambo ambalo halimsaidii chochote. Ukiandika «Tovuti ya maktaba: ratiba ya mihadhara», anajua anakokwenda. Ukiacha tupu, huenda programu ikamsomea anwani nzima, herufi kwa herufi, pamoja na mikwaju yake yote. Kwa sababu hiyo hiyo siungi mkono mtindo wa kuchora jina, cheo na namba ya simu ndani ya picha moja. Namba iliyochorwa hainakiliki, haipigiki kwa kuguswa, na hutoweka pamoja na picha.

Anwani ya kiungo nayo iwe ya wazi. Watu wameonywa, na wameonywa kwa haki, kutobofya picha wasizozijua. Wanaoweka kielekezi juu yake wakaona anwani iliyofupishwa wana kila sababu ya kusita, ilhali wakiona jina lile lile la kikoa linalofuata alama ya @ katika anwani yako ya barua, shaka hupungua.

Mkishamaliza, jitumieni barua kwenye akaunti nyingine, muifungue kwa simu, kisha kwenye mandhari ya giza, ambako nembo yenye herufi nyeusi na usuli usio na rangi humezwa isionekane, kisha picha zikiwa zimezuiwa. Jaribio la mwisho mimi hulifanya kwenye kompyuta ya mtu mwingine, kwa sababu tangu siku ya ule mkasi mwekundu siiamini tena yangu.