Mavumbi Hayaimbi

Ndugu zangu, washairi wa Zaburi walimwuliza Mungu swali moja bila kuumauma maneno: "Mavumbi yatakusifu?" Liko katika Zaburi ya 30. Mwenye kuuliza ni mtu aliyeponea chupuchupu, na anakumbuka alivyojitetea: nikishuka shimoni, wewe utafaidi nini?

Naomba tusiwe wepesi wa kulilainisha swali hili. Wengi wetu tumelelewa katika tumaini la ufufuo, ambalo Danieli 12 inalitamka waziwazi. Lakini katika sehemu kubwa ya Zaburi, kuzimu ni kimya. Huko haimbi mtu. Basi sifa ina muda wake, nao ni huu tunaovuta pumzi.

Mtazameni Hezekia, mfalme wa Yuda, katika Isaya 38. Ameambiwa atakufa. Anageuza uso ukutani, analia sana, na anaongezewa miaka 15. Wimbo wake baada ya kupona haufichi hofu: maisha yalikuwa yamekunjwa kama kitambaa cha mfumaji, yanangoja kukatwa, kilio chake kilikuwa kama cha mbayuwayu. Ndipo anasema: "Aliye hai, naam, aliye hai, ndiye atakayekusifu, kama mimi leo." Miaka 15 ameshaipata, lakini haahirishi hata siku moja! Hapo ndipo mimi huguswa zaidi.

Wapo ambao hawakujibiwa. Zaburi ya 88 inauliza yaleyale, kama wafu watasimama na kusifu, na inaishia gizani. Nashukuru kwamba waliokusanya zaburi hizi hawakuiongezea mwisho mtamu. Hata hivyo mtu huyo anasema kwamba asubuhi maombi yake yatamfikia Mungu. Bado ana sauti, naye anaitumia.

Sasa Zaburi ya 115. Inasema wafu hawamsifu BWANA, halafu papo hapo: "Bali sisi tutamhimidi BWANA, tangu leo hata milele." Mtu wa kufa anaahidije milele? Nadhani jibu analo Hezekia, kwa maana anaendelea: "Baba atawajulisha watoto kweli yako." Hakuna mmoja anayeimba milele, wanaoimba milele ni watu wanaopokezana. Ndiyo maana naona zaburi hiyo imepata mahali pake hasa katika usiku wa Pasaka ya Wayahudi, inapoimbwa baada ya mlo, mezani palepale ambapo mtoto mdogo ameuliza maswali yake kuhusu maana ya usiku huo.