Samaki wa Kula Mwani na Mkasi wa Fundi Cherehani

Shikamooni wakubwa zangu. Na nyie vijana, mambo? Naona wawili wenu mmekuja na chupa za maji ya kijani kibichi kutoka kwenye matangi yenu ya samaki wa mapambo. Asanteni, mmenipunguzia maneno.

Swali ninaloulizwa kila mara ni lile lile: ninunue samaki gani animalizie mwani huu, yaani huu ukijani wa tangini? Mimi huuliza kwanza, tangi umeliweka wapi? Mara nyingi naambiwa dirishani, lipendeze. Jamani, Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Jua la dirishani hapa si la kuchezea. Mwani unataka mwanga na mbolea. Mwanga umeupa bure, na mbolea unaimwaga mwenyewe: unga wa dagaa mara tatu kwa siku, kwa kuwa mtoto anafurahi kuona samaki wakigombania.

Haya, mlete huyo mla mwani. Atakula, sikatai. Halafu? Atakunya, wakubwa mnisamehe. Naitrojeni na fosforasi, yaani ile mbolea, zilizokuwa ndani ya mwani nyingi zinarudi kwenye maji yale yale. Amefagia uwanja, taka karundika nyuma ya mlango. Mmea wa majini nao unanyonya mbolea, unarefuka, unaukata na kuutupa nje ya nyumba. Hapo mbolea imetoka kweli. Ndiyo maana mimi natembea na mkasi huu wa fundi cherehani mnaouona.

Tazameni ziwa letu, Victoria. Lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, samaki wadogo wa asili wa humu. Wapo waliokwangua mwani kwenye miamba, na wapo waliokula ule unaoelea. Sangara, mla samaki wenzake, akaletwa miaka ya 1950, na kufika miaka ya 1980 furu wakapukutika. Wengi wanasema ndiyo sababu maji yamekijanika. Kuna ukweli ndani yake, lakini udongo wa mashamba na maji machafu ya miji navyo vilikuwa vikishuka ziwani na fosforasi yake. Mimi sidhani furu peke yao wangeuweza mzigo ule. Kisha yakaja magugu maji, tukayaona yakifunga mialo. Yale ni mmea, tena mlafi wa mbolea kupita kiasi. Mbona hayakusafisha ziwa? Kwa sababu yasipovunwa yanakufa, yanazama, yanaoza, na mbolea inarudi. Jani bovu ukiliacha ndani ya tangi ni habari hiyo hiyo.

Kwa anayeanza, kuna mmea unaota humu humu ziwani, unaitwa Ceratophyllum, ule wenye vijani kama mkia wa paka. Hauna mizizi, unaelea tu, na unakua haraka. Ila usiuvue ukautia tangini hivi hivi. Konokono wa kichocho hukaa kwenye majani kama hayo, na ukiingiza konokono mwenye vimelea, kila ukizamisha mkono unajitafutia ugonjwa. Hata kuingia majini kuufuata ni hatari. Ningekuwa wewe ningeomba kipande kwa mwenzako mwenye tangi.

Na sato? Niliwahi kutia vifaranga vitano kwenye tangi la mimea, nikijua sato anakula mwani. Anakula, na tumbo lake lina asidi kali ya kuuyeyusha. Lakini baada ya wiki mbili mchanga ulikuwa umefukuliwa, mimea inaelea juu, na maji kama ya mfereji baada ya mvua. Mke wangu aliwatazama akauliza watakaangwa lini.

Siwapingi walao mwani wote. Otocinclus wa Amerika Kusini ni mdogo, hafiki hata kidole, na hukwangua majani bila kuyachana. Lakini tangi likiwa jipya na safi anakufa njaa. Yule anayeuzwa kwa jina la pleko utamnunua urefu wa kidole, naye ataweza kupita sentimita 30. Akikushinda, tafadhali usimpeleke ziwani. Wageni tulionao wanatosha.

Sasa wewe mwenye chupa. Mwani wako ni ule unaoelea, mla mwani wa kukwangua hata hatauona. Hamisha tangi kutoka dirishani. Badilisha theluthi ya maji. Ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kwanza, klorini itoke. Lifunike tangi siku tatu au nne, usilishe, na pampu ya hewa isizimwe, maana mwani ukifa unamaliza oksijeni. Ukifunua, taa iwake jumla ya saa sita hadi nane kwa siku, basi.

Nifunike kwa kanga? Hapana mama, kanga inapitisha mwanga. Tafuta blanketi.