Mlima Canigó na moto wa Wakatalani

Mambo vipi familia, na shikamooni wazee wangu mnaotazama huko Moshi na Tanga. Leo niko Perpignan, kusini kabisa mwa Ufaransa, na ule mlima mnaouona nyuma yangu unaitwa Canigó. Una mita 2,784, kwa Kilimanjaro hata nusu haufiki, lakini jamani msiupime kwa mita, kwa Wakatalani huu ndo mlima mtakatifu.

Najua mtaniuliza, Wakatalani si wa Barcelona, Hispania? Ndiyo, ila mwaka 1659 wawakilishi wa wafalme wa Ufaransa na Hispania walisaini mkataba, eneo hili likakatwa likapewa Ufaransa, halafu 1700 mfalme wa Ufaransa, Louis XIV, akapiga marufuku Kikatalani kwenye nyaraka za serikali. Ndugu walewale, mpaka ukapita katikati. Mlima ukabaki huku lakini wa kule hawakuuachia, padri na mshairi wao Jacint Verdaguer, mtu wa upande wa Hispania, akautungia utenzi mzima mwaka 1886.

Sasa njooni kwenye moto, hapa ndo mimi napapenda. Mwaka 1955 Francesc Pujade, wa mji mdogo wa Arles de Tec hapo chini ya mlima, alianzisha desturi ya kuwasha moto kileleni kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane. Watu wanapanda na mizigo ya kuni kutoka vijijini kwao, kule juu kuna msalaba wa chuma umefungwa bendera za njano zenye mistari myekundu, na usiku wa tarehe 22 Juni moto unawashwa, unatiwa kwenye taa kama za chemli, unateremshwa mpaka vijijini, wengine wanakimbia nao, wengine baiskeli, wengine gari, kila mtaa unawasha wa kwake. Sisi tuliopandisha Mwenge Kilimanjaro 1961 hatuhitaji kuelezwa sana.

Na huu moto haukuogopa mpaka. 1966 ulivushwa hadi mji wa Vic, Hispania, enzi za dikteta Franco bado, wakati Kikatalani hakiruhusiwi mashuleni! Hebu fikirieni moyo wa hao watu waliobeba ile taa.

Huku mjini unatunzwa mwaka mzima ndani ya hili jengo la matofali mekundu, Castellet, hauzimwi. Haya, naona watu wanasogea, taa imeshafika, ngoja nigeuze kamera muone wenyewe.