Kwa nini ubalozi unatubania viza

Haya jamani, swali ni lile lile kila video: “Wewe uliyeko Ulaya, kwa nini tunabaniwa viza?” Nikijibu, najishaua. Nikinyamaza, nimesahau nilikotoka. Leo najibu kuhusu viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, mseme mtakavyo.

Mambo ya fomu, picha na benki mnayajua, nayaruka. Twende kwenye ile karatasi ya kukataliwa. Ina visanduku, na kinachowaumiza wengi ni kile cha shaka kama kweli utaondoka kabla viza haijaisha. Mnadhani ni dharau. Dharau ipo, sikatai, ila kuna hesabu pia. Kwa utaratibu unaojulikana kama Dublin, Italia ikikupa viza kisha ukaomba hifadhi Ujerumani, Ujerumani inaweza kuirudishia Italia mzigo huo, na alama zako za vidole zitaonyesha nani alikupa viza. Kwa hiyo kila ubalozi unaogopa kuachiwa mtu na jirani yake. Ndiyo maana ukiombea nchi A wakati hoteli zako nyingi ziko nchi B, umejichimbia shimo. Omba kule utakakokaa siku nyingi zaidi.

Halafu kuna serikali zetu. Mtu asiye na pasipoti hapandishwi ndege kurudishwa mpaka ubalozi wa kwao ukubali kuwa ni raia wake na kumwandikia hati ya dharura ya kusafiria. Karatasi hiyo moja ndiyo silaha ya nchi maskini. Ikicheleweshwa, Ulaya inalipiza kwenye viza. Aprili 2024 Ethiopia ilibanwa hivyo: siku 15 za kushughulikia ombi zikawa 45, viza ya kuingia mara nyingi ikaondolewa, hata wenye pasipoti za kidiplomasia wakaanza kulipishwa ada. Gambia ilishaonja kabla yao, ada ikapandishwa mpaka euro 120, baadaye ikashushwa. Anayeumia ni mama anayetaka kumwona mjukuu, wala si waziri.

Na yule dada wa kaunta ya ndege anayepekua pasipoti yako Dar au Nairobi, msimtukane. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2001 inataja faini za euro 3,000 na 5,000 kwa shirika la ndege linalompandisha abiria asiye na hati, na shirika hilo hubeba gharama ya kumrudisha. Ulaya imeweka mpaka wake hapo kaunta, mshahara analipa mwingine! Ndugu zangu wa Kongo ya Kinshasa ndio hukwama sana: pasipoti yenu inadai viza ya kupitia uwanja wa ndege hata kama hutoki nje ya uwanja, labda uwe na viza halali ya Schengen, Marekani au Kanada.

Sasa pesa. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni 45, na ukikataliwa hairudi. Bima iwe ya angalau euro 30,000. Dirisha la kuomba linafunguliwa miezi 6 kabla ya safari na kufungwa siku 15 kabla. Dalali anayeuza miadi ya kupeleka ombi mwacheni, mnanikera mkimlipa halafu mnalia kwangu.

Mimi si mwanasheria, na kila faili lina yake. Ila ukikataliwa una haki ya kukata rufaa kwa sheria za nchi iliyokukatalia, na muda wake umeandikwa kwenye karatasi ile ile mnayoichana kwa hasira.