Mchicha wa Jirani na Pumzi ya Ardhi

REHEMA: Karibuni. Leo tuliahidi mambo matano ya kuangalia kabla hujanunua kiwanja. Lakini Idrisa kaingia studio na udongo kwenye kucha, kwa hiyo aanze yeye.

IDRISA: Jumanne nilikwenda na dalali kukiona kile cha ishirini kwa ishirini. Bei nzuri, umeme umefika. Nyuma yake uwanja mpana, watoto wanacheza mpira. Nikamuuliza mama wa nyumba ya pili, mbona hapa hapajajengwa? Akasema, mwanangu, hilo lilikuwa shimo la kokoto. Wakajaza taka miaka na miaka, wakamwaga kifusi juu. Akanishika mkono mpaka bustanini kwake. Mchicha mzima wote, isipokuwa ukanda mmoja kando ya ukuta. Wa njano, umelala. Kaupanda upya mara tatu.

REHEMA: Ulichimba?

IDRISA: Niliingiza mkono. Juu pakavu, chini pana uvuguvugu na harufu ya mtaro.

REHEMA: Basi mizizi inakosa hewa. Taka zikizikwa pasipo oksijeni, vijidudu vinazila na kutoa gesi, kama nusu methani, gesi inayowaka, na nusu kaboni dioksaidi. Methani haina harufu. Ulichonusa ni gesi nyingine zinazosafiri nayo. Gesi ikijaa udongoni, oksijeni inatoka. Utamwagilia mpaka uchoke.

IDRISA: Dalali kaniapia kuwa taka zimezikwa, hazihami.

REHEMA: Taka hazihami, gesi inahama. Uliza kuna mwamba gani. Udongo mzito wa mfinyanzi unaizuia, mchanga unaipitisha, jiwe lenye nyufa linaifungulia njia. Sisi pwani tumekalia matumbawe. Kwenye kazi ya visima nimekutana na matundu ya kuingia mkono mpaka kiwiko. Kule Uingereza, Derbyshire, kuna kijiji kinaitwa Loscoe. Dampo lilikuwa kwenye shimo la zamani la udongo wa matofali. Gesi ikapita kwenye nyufa za jiwe la mchanga, ikaibukia chini ya nyumba iliyo mita 70 hivi kutoka hapo. Machi 24, 1986, asubuhi na mapema, mtambo wa kupashia nyumba joto ukawaka, nyumba ikalipuka. Watu watatu waliumia vibaya. Na usiku huo mgandamizo wa hewa ulikuwa umeporomoka, milibari 29 kwa muda wa saa saba tu.

IDRISA: Hapo hapo! Bibi yangu Kilwa alikuwa akituambia: choo kikinuka kuliko kawaida, anueni nguo, mvua hiyo.

REHEMA: Bibi alikuwa anaisikia ardhi ikitoa pumzi. Hewa ya juu ikilegea, iliyo chini inapanda.

IDRISA: Alikuwa anakwenda kusimama mlangoni pa choo, anarudi anatuita. Hata kama jua linawaka.

REHEMA: Alikuwa anakwenda saa ngapi?

IDRISA: Baada ya alasiri. Saa kumi hivi.

REHEMA: Saa kumi! Sikiliza, huku kwetu mgandamizo hauporomoki kama Loscoe. Lakini unapanda na kushuka mara mbili kila siku, kwa milibari chache tu. Juu kabisa saa nne, asubuhi na usiku. Chini kabisa saa kumi, jioni na alfajiri.

IDRISA: Kwa hiyo bibi alikuwa ananusa saa, si mvua?

REHEMA: Huenda vyote viwili.

IDRISA: Mvua ilikuwa inakuja kweli, Rehema. Nilikuwepo, nilianua nguo mimi.

REHEMA: Sikatai. Ila mvua yenyewe ina kazi yake. Masika ikilowesha juu, vitundu vya udongo vinajaa maji, gesi haitoki tena wima. Inatafuta pembeni, kwa jirani.

IDRISA: Dakika kumi zimebaki na hatujagusa hata jambo la kwanza.

REHEMA: La kwanza lilikuwa mfuniko. Uwanja ule usifunikwe mfinyanzi bila mabomba ya kutolea gesi.

IDRISA: Hapo hapana. Ufunikwe leo. Nimeona mifuko imetokeza, moshi unafuka kwenye kona, watoto wako peku. Mabomba yatakuja hela ikipatikana.

REHEMA: Ukifunika bila mabomba, ile iliyokuwa inatoka uwanjani unaipeleka chumbani kwa yule mama.

IDRISA: Na ukisubiri mabomba, mtoto anaungua leo. Mimi nimeuona moshi. Wewe unasema habari ya gesi ambayo hakuna aliyeipima.

REHEMA: Haijapimwa, ndiyo maana siwezi kuifungia njia. Methani ikifika asilimia 5 mpaka 15 ya hewa ya chumbani, kiberiti kimoja kinatosha.

IDRISA: Bado nasema ufunikwe.

REHEMA: Na mimi bado nasema hapana.

IDRISA: Wenzetu wa kipindi kinachofuata wako mlangoni. Yale mengine manne basi tena. Yule mama anapikia mkaa ndani, Rehema, mlango kaurudisha.

REHEMA: Mpigie sasa hivi. Jiko litoke nje, madirisha yafunguliwe. Jumamosi nakuja na kipima gesi.

IDRISA: Asubuhi?

REHEMA: Saa kumi jioni.